Ganzi ya Taya la Chini: Historia ya Sindano Moja na Mafunzo Yake kwa Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya kawaida ambayo Kiswahili kimeikabidhi taaluma ya tiba, neno ganzi ni moja la yale yaliyotwishwa mzigo mkubwa. Mguu uliokaliwa kwa muda mrefu hufa ganzi. Mkono ulioshika barafu hufa ganzi. Mtu anayekwenda kung'olewa jino huchomwa sindano ya ganzi. Katika mifano yote hiyo maana ni moja, nayo ni kupungukiwa na hisi au kukosa hisi kabisa. Lakini mtu aliyekula embe mbichi au ukwaju mwingi naye husema kwamba meno yake yamekufa ganzi, wala hana maana kwamba hayahisi kitu. Maana yake ni kwamba hisi za meno hayo zimezidi kiasi, hata tone la maji baridi linamtesa.

Hivyo neno moja, likitajwa pamoja na kiungo kimoja, huweza kueleza hali mbili zilizo kinyume. Mgonjwa akimwambia tabibu, "Jino hili lina ganzi," tabibu aliyekwisha kushika koleo hana budi kujiuliza ni ganzi ipi inayosemwa. Je, jino limelala au limeamka kupita kiasi?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi matabibu walivyofikia njia ya kulitia ganzi taya la chini, na kwa nini njia hiyo, ingawa imetimiza zaidi ya miaka 140, bado hukosa shabaha mara kwa mara. Tumelichagua taya la chini kwa makusudi. Taya la juu halina shida kubwa kwa tabibu, bali la chini limekuwa mtihani wa vizazi kadhaa vya matabibu. Katika kuifuata historia hii tutaona kwamba kila hatua ya maendeleo ilikuwa ni kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichukuliwa kama jambo moja. Kwa maoni yetu, msanifu wa istilahi anapaswa kuzifuata hatua hizo hizo, kwani mahali ambapo elimu imetenganisha na lugha haijatenganisha, anayeumia ni mgonjwa.

Kumlaza mtu na kuilaza sehemu

Hatua ya kwanza ilikuwa ni kutofautisha kumlaza mtu mzima na kukilaza kiungo kimoja. Jambo hili laonekana wazi leo, lakini halikuwa wazi katikati ya karne ya 19.

Yafaa ikumbukwe kwamba ushindi wa kwanza dhidi ya maumivu ya upasuaji uliletwa kwa sehemu kubwa na waganga wa meno. Tarehe 11 Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, mganga wa meno Horace Wells alivuta gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo siku moja kabla alikuwa ameiona ikitumiwa kuwachekesha watu katika maonyesho, kisha akamwachia mwenzake John Riggs amng'oe gego. Hakuumia. Mganga mwingine wa meno, William Morton, alionyesha mbele ya wapasuaji wa Boston tarehe 16 Oktoba 1846 kwamba mvuke wa etha humlaza mgonjwa kiasi cha kupasuliwa bila kulia. Mwaka uliofuata, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu.

Dawa hizo zote zilikuwa za namna moja: mtu alizivuta, akazimia, akafanyiwa kazi, akazinduka. Kiswahili kimeipa hali hiyo jina linaloifaa sana, yaani nusukaputi, ambalo maana ya sehemu zake ni nusu ya kufa. Jina hilo linaitaja hatari bila kuificha. Mwaka 1848 msichana mmoja wa Uingereza alikufa chini ya klorofomu alipokuwa akiondolewa ukucha wa kidole cha mguu. Kwa upande wa meno kulikuwa na hatari nyingine tena. Mtu aliyezimia hawezi kutema, na damu au kipande cha jino huweza kuteremka katika njia ya pumzi. Ilikuwa ni gharama kubwa mno kumpeleka mtu nusu ya njia ya kufa kwa ajili ya jino moja.

Kutoka jani la koka hadi jicho

Dawa ya kulaza sehemu peke yake ilitoka katika jani la koka, ambalo watu wa milima ya Andes wamelitafuna kwa karne nyingi. Mwaka 1860 mkemia Mjerumani Albert Niemann wa Göttingen alieleza jinsi alivyokitenga kiini cha jani hilo, akakiita kokeini. Aliandika pia kwamba kiini hicho kikiwekwa juu ya ulimi huufanya ukose hisi kwa muda. Habari hiyo ilikaa vitabuni kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kuitumia katika upasuaji.

Mwaka 1884 Karl Koller, tabibu kijana wa macho mjini Vienna, alidondosha maji ya kokeini katika jicho na kuona kwamba jicho laweza kuguswa kwa chombo bila mtu kupepesa. Taarifa yake ilisomwa kwa niaba yake huko Heidelberg tarehe 15 Septemba 1884, na katika muda wa majuma machache ilikuwa imevuka bahari ya Atlantiki.

Sindano nayo ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1853 Alexander Wood huko Edinburgh na Charles Pravaz huko Lyon, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wametengeneza bomba la sindano lenye ncha yenye tundu. Kwa hiyo mwaka 1884 dawa ilikuwapo na chombo kilikuwapo. Lililobaki kujulikana ni mahali pa kuchoma, na taya la chini lilihitaji jibu hilo kuliko kiungo chochote kingine cha kinywa.

Umbo la taya na sababu ya ugumu wake

Ili msomaji aelewe hatua iliyofuata, hapana budi tueleze kwanza umbo la mataya mawili.

Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vinyweleo vingi. Tabibu akichoma dawa katika ufizi karibu na mzizi wa jino, dawa hutandaa, hupenya mfupa, na huifikia neva ndogo inayoingia katika jino hilo. Kazi huwa imekwisha. Mfupa wa taya la chini ni tofauti. Upande wa magego umevikwa gamba nene na gumu, na dawa iliyochomwa katika ufizi hubaki nje ya gamba hilo kama mgeni aliyefungiwa mlango. Ufizi utakufa ganzi, na huenda shavu pia, lakini jino lenyewe litakuwa halina habari.

Neva ya meno ya chini haiingii katika mfupa kutoka upande wa ufizi. Inashuka kutoka chini ya fuvu, inapita upande wa ndani wa ile sehemu ya taya inayopanda kuelekea sikioni, kisha inaingia katika tundu lililo upande huo wa ndani. Kutoka hapo husafiri ndani ya mfereji wa mfupa chini ya mizizi ya meno, ikitoa kijitawi kwa kila jino. Karibu na magego madogo hugawanyika. Tawi moja huendelea mbele hadi meno ya kati, na jingine hutokeza nje kwa tundu la kidevu na kuupa hisi mdomo wa chini pamoja na ngozi ya kidevu. Neva ya ulimi nayo hupita jirani sana na tundu lile la ndani.

Kutokana na maelezo hayo twaweza kuifananisha neva ya taya la chini na mti. Katika taya la juu tabibu anaweza kulifikia tawi moja moja. Katika taya la chini matawi yamo ndani ya ukuta, na hakuna njia isipokuwa kwenda kwenye shina kabla halijaingia ukutani.

Halsted na Hall: kwenda kwenye shina

Hatua hiyo ilichukuliwa mjini New York kabla ya mwaka 1884 kwisha. Mpasuaji William Halsted na mwenzake Richard Hall walisoma habari za Koller, wakaanza kuichoma kokeini karibu na neva mbalimbali za mwili. Barua ya Hall iliyochapishwa Desemba mwaka huo katika jarida la matabibu la New York ilieleza majaribio hayo, na miongoni mwake ni kuichoma dawa upande wa ndani wa taya, karibu na tundu ambamo neva ya meno ya chini huingia. Meno ya upande huo yakafa ganzi, na nusu ya mdomo wa chini pia.

Yafaa tuitazame maana ya jambo hilo. Koller aliiweka dawa mahali penye maumivu. Halsted na Hall waliiweka dawa mbali na mahali penye maumivu, katika njia ambayo habari za maumivu hupita. Jino linalotibiwa lilikuwa sentimita kadhaa mbele, na sindano haikuligusa. Hii ndiyo hatua ya pili katika historia yetu, yaani kutofautisha mahali maumivu yalipo na mahali yanapoweza kuzuiwa. Hadi leo mgonjwa mwenye jino bovu huona ajabu kuchomwa sindano nyuma kabisa ya kinywa, na huenda akadhani kuwa tabibu amepotea njia. Lugha yetu haijampa tabibu neno fupi la kumwelezea, kwani ganzi hiyo na ile ya kuchoma ufizi zote huitwa sindano ya ganzi.

Bei ya ugunduzi na dawa zilizofuata

Ugunduzi huo ulilipiwa kwa bei kali. Halsted na Hall waliijaribu dawa katika miili yao wenyewe na ya wenzao, bila kujua kwamba kokeini humfunga mtu. Wote wawili wakawa watumwa wake. Makala ambayo Halsted aliichapisha mwaka 1885 kuhusu kokeini inajulikana kwa sentensi zake zilizovurugika. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapasuaji wakuu wa Marekani katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, lakini mazoea ya dawa za kulevya hayakumwacha. Mwaka 1922, miezi michache kabla ya kufa kwake, matabibu wa meno wa Marekani walimtunukia nishani ya dhahabu kwa kazi aliyoifanya karibu miaka 40 nyuma.

Baada ya hapo juhudi zilielekezwa katika kupata dawa iliyo salama zaidi. Mpasuaji Mjerumani Heinrich Braun alionyesha mwaka 1903 kwamba adrenalini ikichanganywa na dawa ya ganzi huibana mishipa ya damu, hivyo dawa hukaa mahali pake kwa muda mrefu na kiasi kidogo hutosha. Mkemia Alfred Einhorn alitengeneza prokaini, ambayo iliuzwa kwa jina la Novocain, na Braun akaieleza kwa matabibu mwaka 1905. Dawa hiyo haikuwa na utumwa wa kokeini. Hata hivyo nguvu yake ilikuwa ndogo, na baadhi ya watu ilikuwa haipatani na miili yao.

Mwaka 1943 huko Stockholm, mkemia Nils Löfgren alitengeneza lidokaini, na mwenzake kijana Bengt Lundqvist akaijaribu katika mwili wake mwenyewe. Dawa hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Xylocaine. Huanza kazi upesi, hukaa kwa muda wa kutosha, na ni nadra kuleta madhara ya mzio. Hadi leo ndiyo dawa inayopatikana katika zahanati nyingi duniani, kwa kawaida ikiwa imechanganywa na adrenalini kidogo sana.

Kwa nini sindano bado hukosa

Mtu angetazamia kwamba baada ya kupatikana dawa nzuri shida ingekwisha. Haikuwa hivyo. Vitabu vya taaluma hii husema kwamba katika kila sindano 100 za taya la chini zinazochomwa kwa njia ya kawaida, kati ya 15 na 20 hazifaulu vya kutosha. Kwa jino ambalo kiini chake kimevimba na kuwaka, hali huwa mbaya zaidi. Hii ni hatua ya tatu: kutofautisha ubora wa dawa na usahihi wa mahali.

Katika njia ya kawaida mgonjwa hufungua kinywa wazi. Tabibu hupapasa kwa kidole ukingo wa mbele wa taya linalopanda, huelekeza bomba kutoka upande wa pili wa kinywa, juu ya magego madogo, na kuingiza sindano kiasi cha sentimita moja juu ya usawa wa meno ya chini. Sindano huenda ndani kiasi cha milimita 20 hadi 25 mpaka iguse mfupa, kisha hurudishwa nyuma kidogo. Kabla ya kusukuma dawa, tabibu huvuta kwanza ili aone kama damu inaingia katika bomba. Damu ikionekana, ncha imo ndani ya mshipa wa damu na hapana budi ihamishwe. Ndipo dawa husukumwa polepole.

Makosa yaliyo mengi ni mawili: kuchoma chini mno na kuchoma mbele mno. Dawa ikiwekwa chini ya tundu, neva huwa imekwisha kuingia ndani ya mfupa. Tena tundu lenyewe halikai mahali pamoja kwa watu wote. Kwa mtoto liko chini zaidi kuliko kwa mtu mzima, na tabibu asiyelijua hilo ataipitisha sindano juu ya shabaha. Baadhi ya watu huwa na vijitawi vya ziada vinavyofika katika magego kwa njia nyingine, na meno ya mbele hupokea vijitawi kutoka upande wa pili wa taya. Ufizi wa upande wa shavu, penye magego, hutumikiwa na neva nyingine, nao huhitaji sindano yake. Hali kadhalika, uvimbe huifanya nyama kuwa na asidi, na asidi huizuia dawa isipenye katika neva. Hata dawa ikichomwa mbali na uvimbe, neva iliyosumbuliwa huwa nyepesi kusisimka na ngumu kunyamazishwa. Mwisho kuna haraka. Dawa huhitaji dakika kadhaa, na koleo likiwahi kabla yake, ganzi hulaumiwa bure.

Katika miaka ya 1970 njia mbili mpya zilielezwa. Mwaka 1973 George Gow-Gates wa Australia alieleza njia ya kuchoma juu zaidi, kwenye shingo ya taya karibu na sikio, akitumia alama zilizo nje ya uso, yaani pembe ya mdomo na sikio. Nia yake ilikuwa ni kuikuta neva kabla haijagawanyika. Mwaka 1977 tabibu wa meno J. O. Akinosi wa Nigeria alichapisha katika jarida la Uingereza njia ya kuchoma sindano mgonjwa akiwa amefunga kinywa. Njia iliyokaribiana nayo ilikuwa imeelezwa mwaka 1960 na Vazirani, kwa hiyo leo majina yote mawili hutajwa pamoja. Faida yake ni kubwa kwa mtu ambaye taya limekaza kwa sababu ya jipu au jeraha, kwani mtu huyo hawezi kufungua kinywa hata kama tabibu ni hodari namna gani. Twataja jambo hili kwa furaha, maana Mwafrika ameweka jina lake katika taaluma ambayo mara nyingi hufundishwa kana kwamba yote ilitoka ng'ambo.

Swali la tabibu: "Unasikia?"

Kuna hatua ya nne, nayo yatuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili zaidi ya zote. Ni kutofautisha mguso, msukumo na maumivu.

Dawa ya ganzi haizimi hisi zote kwa mara moja wala kwa kiasi kimoja. Kwa kawaida nyuzi nyembamba za neva, zinazochukua maumivu, hushindwa mapema. Nyuzi nene, zinazochukua habari za kusukumwa na kukandamizwa, huweza kubaki zikifanya kazi. Mgonjwa aliyetiwa ganzi sawasawa bado atajua kwamba jino linatikiswa. Hilo si kosa la dawa. Ni kazi yake ya kawaida.

Sasa tuitazame lugha. Tabibu hugusa ufizi kwa chombo na kuuliza, "Unasikia?" Katika Kiswahili twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia njaa, twasikia baridi, na twasikia maumivu. Kitenzi hiki ni utajiri wa lugha katika mazungumzo na utenzi, lakini kwenye kiti cha meno ni mtego. Mgonjwa akijibu, "Nasikia," amejibu kwa ukweli, lakini hajamwambia tabibu lolote. Tabibu aliyezoea kwamba msukumo hubaki atasema, "Hiyo ni kawaida," na kuendelea, kumbe mgonjwa anaumia. Tabibu mwingine atadhani kuwa ni maumivu na kuongeza dawa isiyohitajiwa.

Aidha, kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Tabibu huuliza kama mdomo umekufa ganzi, na mgonjwa hukubali. Mdomo kufa ganzi ni dalili kwamba dawa imeifikia neva, nayo ni dalili ya lazima, lakini si uthibitisho kwamba jino nalo limelala. Jino lenye kiini kilichowaka laweza kubaki macho ilhali mdomo umelala. Pasipo maneno mawili tofauti, ganzi ya mdomo na ganzi ya jino huhesabiwa kuwa moja, na mgonjwa anayelalamika huonekana mwoga. Akishaonekana mwoga hunyamaza, na safari nyingine hukaa nyumbani na jino lake mpaka uso uvimbe.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hatua tulizozieleza, twapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe na wahusika. Hatukutunga maneno mapya pale ambapo ya zamani yanatosha. Tumejaribu tu kuyagawia kazi.

(a) Nusukaputi litumike kwa kumlaza mtu mzima peke yake, na ganzi kwa kuondoa hisi za sehemu ya mwili mtu akiwa macho. Mgawanyo huu tayari wamo watu wengi wanaoufuata. Wabaki wasanifu kuutilia nguvu katika vitabu.

(b) Msisimko wa meno utumike kwa hali ile inayoletwa na embe mbichi, barafu au jino lililochakaa. Hatuwezi kuwazuia watu kusema kwamba meno yao yamekufa ganzi, wala si kazi yetu. Lakini katika fomu za hospitali na vitabu vya mafunzo, ganzi na msisimko visichanganywe.

(c) Ganzi ya kupenyeza iwe ile inayochomwa katika ufizi karibu na mzizi wa jino, ambapo dawa hupenya mfupa yenyewe.

(d) Ganzi ya shina iwe ile inayochomwa penye neva kubwa kabla haijatoa matawi. Tumelipendelea neno shina kuliko kizuizi au neno jingine la namna hiyo kwa sababu mgonjwa asiyesoma hulielewa mara moja. Anayejua kwamba shina limekatiwa maji hahitaji kuambiwa kwamba matawi yatanyauka. Akiambiwa, "Hii ni ganzi ya shina," atafahamu kwa nini amechomwa mbali na jino, na kwa nini mdomo na ulimi navyo vimelala. Mzazi naye ataelewa onyo kwamba mtoto asile wala asitafune mdomo mpaka ganzi iishe, kwani mdomo waweza kubaki umelala kwa saa 3 hadi 5 na mtoto akajiuma vibaya bila kujua.

(e) Neva litumike kwa uzi wa hisi, na mshipa wa damu kwa njia ya damu. Neno mshipa peke yake liepukwe kabisa katika maelezo ya sindano. Katika lugha ya kila siku mshipa huweza kuwa njia ya damu, uzi wa hisi, ukano, na hata maradhi ya ngiri. Penye tundu la taya, neva na mishipa ya damu hupita pamoja. Mwanafunzi akisoma agizo kwamba dawa iwekwe karibu na mshipa, na mstari wa pili ukamwonya asichome mshipa, atakuwa amepewa amri mbili zinazopingana kwa neno moja. Hapo kosa la istilahi laweza kuwa dawa iliyosukumwa moja kwa moja katika damu.

(f) Tundu la taya liwe mahali neva inapoingia katika mfupa, mfereji wa taya njia yake ya ndani, na tundu la kidevu mahali inapotokea.

(g) Mguso, msukumo na maumivu yawe maneno matatu ya kuulizia. Badala ya "Unasikia?", tabibu aulize, "Unaona naligusa tu, nalisukuma, au linakuuma?" Swali hilo ni refu kidogo, lakini jibu lake lina faida.

Hitimisho

Katika historia tuliyoipitia, kila kizazi kilikuwa na dawa, na kila kizazi kilipata kufaulu zaidi kilipotenganisha jambo. Kwanza mtu alitenganishwa na kiungo chake. Kisha mahali pa maumivu pakatenganishwa na mahali pa kuyazuia, na baadaye ubora wa dawa ukatenganishwa na usahihi wa mahali. Hatua ya nne, ya kutenganisha msukumo na maumivu, taaluma imekwisha kuichukua. Lugha yetu ndiyo inayosubiriwa.

Watu husema kwamba kusanifu istilahi ni kazi ya mezani isiyo na dharura. Katika mambo mengi huenda ikawa hivyo. Lakini mtu aliyelala kwenye kiti, kinywa wazi, mikono imeshika kiti, ana nafasi ya kusema neno moja tu kabla koleo halijafungwa, na kwa sasa neno hilo ni "nasikia". Twawaomba matabibu wa meno, walimu wa vyuo vya uganga na wasomaji wetu kwa jumla watuletee maneno wanayoyatumia wao na wagonjwa wao kwa hali hizi, hasa yale ya lahaja na ya mitaani, ili mapendekezo haya yapimwe, yarekebishwe au yabadilishwe na yaliyo bora zaidi.